Droo isiyokwama, dawa isiyofikiwa na mtoto

Mvua zikishakolea Tabora, kuanzia Desemba hivi, kuna purukushani inayojulikana katika nyumba nyingi. Mtu anavuta droo ya kabati, haiji. Anaitikisa, anaigonga kwa kiganja, anavuta tena kwa nguvu zote. Mara inachomoka nzima na kumwaga kila kitu sakafuni.

Baada ya kuhangaika hivyo mara tatu au nne, mama wa nyumba huchoka. Dawa za mtoto zinahama. Zinakwenda dirishani, au kwenye mfuko uliotundikwa msumarini nyuma ya mlango, au chini ya godoro. Droo inabaki kuwa pambo.

Hapo ndipo habari ya useremala inapogeuka kuwa habari ya afya. Dirisha lisilo refu ni saizi ya mtoto wa miaka miwili, na chini ya godoro ni uwanja wake wa michezo. Kidonge chenye rangi ya kuvutia, kwake yeye, hakina tofauti na pipi.

Katika kata kama Ntalikwa, pembezoni mwa Manispaa ya Tabora, kabati mara nyingi halinunuliwi dukani likiwa na kila kitu. Linatengenezwa na fundi wa jirani, au na baba mwenyewe mwenye msumeno na randa. Hilo ni jambo jema, kwa sababu mwenye kabati anaweza kuamua litengenezwe vipi. Na sehemu inayoamua kama droo itatumika au itasusiwa ni ndogo mno: vipande viwili vya mbao ambavyo droo hutelezea, ambavyo mafundi wengi huviita reli.

Dawa nyingi, pa kuziweka pachache

Tabora si mkoa ambao familia inaweza kukaa bila dawa ndani. Utafiti wa kitaifa wa afya na malaria wa mwaka 2022 uliuonyesha mkoa huu ukiongoza kwa malaria miongoni mwa watoto wa chini ya miaka mitano, kwa kiwango cha takriban asilimia 23. Nyumba yenye watoto watatu huweza kuwa na dawa mseto ya mmoja anayeendelea na dozi, paracetamol ya maji ya mwingine, na vidonge vya shinikizo la damu vya bibi, vyote kwa wakati mmoja.

Dawa hizo zinataka mambo matatu. Zikae pakavu. Zikae mahali pasipozidi nyuzi joto 30, kama pakiti nyingi zinavyoelekeza. Na zikae mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki.

Dirishani panashindwa yote matatu. Jua la Septemba na Oktoba hupiga pale moja kwa moja, mvua za Januari hurusha maji, na mtoto akipanda kigoda tayari amefika.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2008 kuhusu ajali za watoto ilieleza kwamba duniani kote zaidi ya watoto 2,000 walikuwa wakifariki kila siku kwa ajali ambazo hazikukusudiwa. Sumu na kuanguka vilitajwa miongoni mwa sababu kuu. Ripoti hiyo ilisisitiza jambo ambalo wazazi wengi hulisahau: sehemu kubwa ya ajali hizo huzuilika kwa mabadiliko madogo katika mazingira ya mtoto.

Droo inayofunguka vizuri, inayosimama mwisho wake bila kuchomoka, na yenye kitasa, ni badiliko dogo la aina hiyo.

Kwa nini droo hukwama

Mbao hunywa unyevu wa hewa. Wakati wa mvua, ambao Tabora huanza Novemba na kufika Aprili, mbao huvimba. Kiangazi kikija, husinyaa. Lakini haivimbi sawasawa kila upande. Kwa urefu wake, kufuata nyuzi, hubadilika kidogo sana. Kwa upana, kukatiza nyuzi, ndiko hubadilika.

Mbao za ubavuni mwa droo hulazwa nyuzi zikielekea mbele na nyuma. Kwa hiyo wakati wa mvua kinachoongezeka ni kimo cha droo, zaidi ya upana wake. Ndiyo maana droo iliyotengenezwa Agosti, ikakaa vizuri kabisa, hukwama juu na chini ifikapo Januari. Fundi hakukosea vipimo. Alikosea kusahau majira.

Sababu ya pili ni umbo. Droo pana sana na fupi kwenda ndani huvutwa upande mmoja, ikakaa mshazari na kujibana. Droo ambayo urefu wake wa kwenda ndani unazidi upana wake hutulia zaidi.

Sababu ya tatu ni mbao laini kusuguana na mbao laini. Mbao za paina, zinazoletwa kwa wingi kutoka mashamba ya miti ya nyanda za juu kusini, ni nafuu na nyepesi, lakini zikitumika kama reli huliwa haraka. Baada ya mwaka mmoja au miwili huwa na mabonde, na droo huanza kupanda na kushuka njiani.

Reli za chuma au za mbao?

Madukani zipo reli za chuma zenye gololi ndogo ndani. Zikiwa mpya huteleza kwa kidole kimoja. Kwa nyumba isiyo na vumbi na kwa droo nzito, zina faida zake.

Lakini zina tabia ambazo mzazi anapaswa kuzijua. Gololi hazipatani na vumbi, na kijijini vumbi ni sehemu ya maisha. Gololi chache zikidondoka, reli hiyo hairekebishiki, hununuliwa nyingine. Pia kwa sababu huteleza bila kuzuiwa, mtoto akiisukuma kwa nguvu hujifunga kwa kishindo, na vidole vilivyo ukingoni huumia.

Reli ya mbao ina msuguano kidogo hata ikiwa imepakwa nta. Hufunguka kwa utulivu na hufungwa kwa utulivu. Haina maana kwamba haiwezi kubana kidole, maana droo yoyote inaweza. Ila haikimbii yenyewe. Ikichakaa, kipande hung'olewa na kingine huwekwa, kwa gharama ya mabaki ya mbao.

Na ujuzi wa mbao kutelezea mbao si mgeni katika njia hii. Tabora ilikuwa njia panda ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, na ilikuwa njia ya maumivu pia, ya pembe za ndovu na ya watu waliouzwa utumwani. Kwihara, karibu na mji, lipo tembe alikokaa David Livingstone mwaka 1872, ambalo sasa ni makumbusho. Milango ya jadi ya Kiswahili huzunguka kwenye vigingi vya mbao vilivyochongwa kwenye ubao wenyewe, bila bawaba ya chuma. Makasha ya Zanzibar yenye njumu nayo mengi yana droo ndogo chini yake, zinazoteleza mbao juu ya mbao. Yako yaliyopita mikononi mwa vizazi kadhaa na bado yanafunguka.

Mbao gani itumike

Kwa reli, inatakiwa mbao ngumu, iliyokauka vizuri, isiyo na fundo, na nyuzi zake ziende kwa urefu. Mkoa wa Tabora una bahati ya misitu ya miombo, na ndani yake mninga. Mafundi huupenda kwa sababu haupindi hovyo na husinyaa na kuvimba kidogo sana kuliko mbao nyingi.

Hakuna haja ya kununua ubao mzima wa mninga kwa kazi hii. Reli mbili ni vipande vyembamba ambavyo kwenye karakana huwa ni mabaki ya vitanda na milango. Fundi akiombwa kwa heshima, mara nyingi huviuza kwa bei ndogo.

Jambo la kuzingatia ni kwamba uvunaji wa miti ya asili unahitaji kibali, na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, ndio wanaosimamia. Kununua kwa fundi au muuzaji anayetoa risiti ni salama zaidi kuliko kwenda kukata mti porini kwa ajili ya vipande viwili.

Sehemu nyingine za droo zinaweza kuwa za paina, na chini yake plaiwudi. Hata hivyo, kingo za chini za mbao za ubavuni, zile zinazogusa reli, zitadumu zaidi zikibandikwa kipande chembamba cha mbao ngumu.

Vipimo vya droo moja

Mfano ufuatao ni wa droo moja ya dawa na nyaraka. Nafasi ndani ya kabati iwe na upana wa sentimita 35 na kina cha sentimita 40.

Kwanza, andaa reli mbili za chini. Kila moja iwe na unene wa sentimita 2, kimo sentimita 3 na urefu sentimita 38. Piga randa mpaka upande wa juu uwe laini kabisa, kisha malizia kwa msasa.

Pili, andaa mbao mbili za juu zenye unene wa sentimita 2.5 na urefu uleule. Hizi wengi huzisahau. Kazi yake ni kukaa juu ya mbao za ubavu wa droo ili droo ikivutwa isiiname mbele na kunyanyuka nyuma. Bila hizo, droo iliyojaa hulalia mkono wa anayeifungua, na mkono huo ukiwa wa mtoto, humwangukia miguuni.

Tatu, funga reli. Hapa usitegemee futi peke yake. Kata kijiti kimoja chenye urefu unaotaka kutoka sakafu ya kabati hadi chini ya reli. Kisimamishe mbele, laza reli juu yake, tia alama. Kisimamishe nyuma, tia alama. Hamia upande wa pili na kijiti kilekile. Reli zote zitakuwa sawa, hata kama futi yako imechoka.

Kabati likiwa la plaiwudi, paka gundi nyeupe urefu wote wa reli na utie skrubu tatu. Likiwa la mbao nzima ambazo nyuzi zake zinasimama juu na chini, paka gundi sehemu ya mbele tu, na tundu la skrubu la nyuma lirefushwe kidogo. Hivyo ubavu wa kabati utavimba na kusinyaa bila kupasuka.

Nne, funga mbao za juu, ukiacha sentimita 15 kamili kati yake na reli. Tumia kijiti kingine cha kipimo, si macho.

Tano, tengeneza droo. Upana wake wa nje uwe sentimita 34.7, yaani milimita moja na nusu ya nafasi kila upande. Urefu wa kwenda ndani uwe sentimita 38. Kimo cha mbao za ubavuni kitegemee majira: ukiijenga kiangazi kwa paina, sentimita 14.7, ili ibaki milimita 3 ya kuvimba. Ukiijenga katikati ya mvua, sentimita 14.8 inatosha, maana mbao tayari imevimba.

Mbao ya nyuma ya droo iwe fupi kwa kimo, ikipungua sentimita 2.5 kuliko zile za ubavuni. Sababu yake inakuja hapa chini.

Plaiwudi ya chini isiwe ndiyo inayogusa reli. Iingizwe kwenye mfereji uliochimbwa ndani ya mbao za ubavu, juu kidogo ya ukingo, ili kinachoteleza kiwe ni mbao.

Kizuizi cha kuokoa miguu

Droo inayochomoka ni hatari kuliko inayokwama. Kizuizi chake ni kazi ya nusu saa.

Chukua ubao mwembamba na uufunge ukatize kati ya zile mbao mbili za juu, sentimita 13 kutoka mbele ya kabati. Uning'inie chini kwa sentimita moja na nusu kuliko mbao hizo. Kwa kuwa mbao ya nyuma ya droo ni fupi, itapita chini ya ubao huo bila kugusa.

Kisha kwenye mbao hiyo ya nyuma, upande wa ndani ya droo, funga kipande kidogo cha mbao ngumu kwa skrubu moja tu katikati, kiweze kuzunguka. Kikilazwa, droo inaingia. Ikishapita ule ubao, ingiza mkono ndani ya droo na ukisimamishe, kichwa chake kizidi mbao ya nyuma kwa sentimita 2.

Sasa droo ikivutwa, kichwa hicho hugonga ubao na droo husimama. Karibu theluthi yake hubaki ndani, imeshikwa juu na chini. Haiwezi kumwangukia mtu. Siku ya kuifanyia usafi, mtu mzima hulaza kile kipande na kuitoa.

Kabla ya kuweka dawa, ijaribu. Weka kilo 3 za unga ndani yake, uvute na kuirudisha mara 20. Ikisikika inakwaruza, angalia palipong'aa kwenye mbao, hapo ndipo panaposugua. Piga randa kidogo hapo tu, si droo nzima.

Nta ya nyuki, si mafuta ya kupikia

Tanzania ni miongoni mwa nchi za Afrika zinazozalisha asali na nta kwa wingi, na Tabora ni kitovu chake. Hata Chuo cha Ufugaji Nyuki kiko Tabora. Bonge la nta ambalo mrina asali huliona kama mabaki ndilo hasa linalohitajika kwenye reli ya mbao.

Matumizi yake ni rahisi. Sugua bonge kavu la nta juu ya reli, na chini ya mbao za ubavu wa droo, kama unavyosugua sabuni kwenye nguo. Kisha futa kwa kitambaa mpaka ing'ae. Hakuna haja ya kuiyeyusha jikoni. Nta ya moto inaunguza vibaya, na moto huidaka haraka. Mshumaa wa kawaida nao unafaa pale nta isipopatikana.

Mafuta ya kupikia na grisi visitumike. Mafuta huingia kwenye mbao, hukusanya vumbi na kugeuka ulimbo, tena huita mende na sisimizi kwenye droo ya dawa. Sabuni kavu huteleza mwanzoni, lakini hunyonya unyevu wakati wa mvua.

Kupaka nta mara mbili kwa mwaka, mvua zinapokaribia na zinapoisha, hutosha kwa nyumba nyingi.

Kabati lisigeuke ngazi

Mtoto anayejua kupanda huona droo kama ngazi. Huvuta ya chini, akakanyaga, akavuta ya pili. Uzito wote huja mbele, na kabati humlalia.

Si hofu ya kubuni. Mwaka 2016 kampuni ya samani ya IKEA iliwataka wateja wa Marekani warudishe au wafunge ukutani makabati ya droo milioni 29, baada ya vifo vya watoto walioangukiwa. Desemba 2022 nchi hiyo ikapitisha sheria inayotaka makabati ya nguo yapimwe kabla ya kuuzwa, kwa kuzingatia mtoto mwenye uzito wa hadi kilo 27 hivi, na droo zikiwa wazi zote.

Nyumbani kipimo si kigumu. Fungua droo zote, kisha bonyeza ya juu kwa mkono mmoja huku mwingine ukiwa tayari kulidaka kabati. Likianza kuinuka nyuma, lifungwe ukutani. Kwenye ukuta wa tofali za saruji, vipande viwili vya chuma, plagi na skrubu vinatosha. Kwenye ukuta wa tofali za udongo, skrubu haishiki vizuri, hivyo ni busara kabati liwe fupi na pana, na vitu vizito vikae chini.

Droo za chini zikiwa na mashimo ya kushikia yaliyochongwa ndani ya ubao badala ya vishikio vinavyotokeza, mtoto hukosa pa kuwekea mguu. Na kizuizi kilichoelezwa hapo juu husaidia hapa pia, kwa sababu droo isiyotoka yote haivuti kabati mbele sana.

Vumbi la mbao na mtoto mchanga

Baba anayefanya kazi hii uani anapaswa kujua kwamba vumbi la mbao si uchafu wa kawaida. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani, IARC, ililiweka mwaka 1995 katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua na mianya yake, kwa wale wanaolivuta kwa miaka mingi. Vumbi la mninga pia hujulikana kwa kuamsha pumu na kuwasha pua na ngozi.

Kazi ya droo moja si ya miaka mingi, lakini mtoto mwenye pumu anaweza kubanwa siku hiyohiyo. Piga msasa nje, upepo ukivuma kuelekea mbali na nyumba. Vaa barakoa. Lowanisha vumbi kabla ya kulifagia. Badili shati na kunawa kabla ya kumbeba mtoto.

Kama kabati litapakwa rangi, ulizia dukani rangi isiyo na madini ya risasi, maana hakuna kiwango cha risasi kilicho salama kwa mtoto. Ndani ya droo hapahitaji rangi kabisa.

Nini kikae, nini kisikae

Droo ya dawa iwe ya juu kabisa, na iwe na kitasa. Ufunguo usining'inie kwenye kitasa. Ukae mahali ambapo watu wazima wote wa nyumba wanapajua, akiwemo bibi anayebaki na watoto wazazi wakiwa shambani.

Kabati lenyewe lisisimame karibu na jiko, wala kwenye ukuta unaopigwa na jua la jioni.

Ndani yake viwekwe pakiti za chumvichumvi za kuzuia upungufu wa maji mwilini pamoja na vidonge vya zinki kwa ajili ya kuharisha, kipimajoto, dawa zinazoendelea kutumika, kadi ya kliniki ya kila mtoto na kadi ya bima ya afya. Dawa zibaki kwenye pakiti zake zenye maandishi. Kidonge kisicho na jina ni fumbo, hata kwa daktari.

Dawa ya maji ikifunguliwa, andika tarehe kwenye chupa. Dawa za unga zinazochanganywa na maji hudumu siku chache tu, kama lebo inavyoeleza. Chumvichumvi ikishachanganywa, inayobaki baada ya saa 24 imwagwe.

Dozi ya malaria haihifadhiwi nusu kwa ajili ya siku nyingine. Dawa mseto humalizwa kwa siku tatu kama ilivyoelekezwa. Droo nzuri isiwe kisingizio cha kuweka akiba ya masalia.

Vitu vingine visikae humo kamwe: mafuta ya taa, dawa za panya, na viuatilifu vya tumbaku au pamba. Hivyo vikae nje ya nyumba, pamefungwa, katika vyombo vyake vya asili. Mafuta ya taa kwenye chupa ya soda yamekuwa chanzo cha huzuni katika familia nyingi za Afrika Mashariki, kwa sababu mtoto huitambua chupa na haijui harufu.

Ikitokea mtoto amekunywa au amemeza

Usimlazimishe kutapika. Kwa mafuta ya taa hasa, kutapika huweza kuyapeleka kwenye mapafu, na madhara yake ni makubwa zaidi. Usimpe maziwa wala mafuta kwa imani kwamba vitakata sumu.

Toa kilichobaki mdomoni, mlaze kwa ubavu kama amelegea, na mpeleke mara moja kituo cha afya kilicho karibu. Beba pakiti au chupa aliyotumia, hata kama ni tupu. Mhudumu akijua ni dawa gani na takriban kiasi gani, anaokoa muda ambao mtoto anauhitaji. Usisubiri dalili, kwa sababu dawa nyingine, paracetamol ikiwa mojawapo, huweza kuumiza ini kabla mtoto hajaonekana mgonjwa.

Jioni moja ya kazi

Ukihesabu vilivyohitajika, orodha ni fupi: vipande vinne vya mninga, ubao mmoja mwembamba, kipande kidogo cha kizuizi, skrubu, gundi kidogo, na bonge la nta. Kwa fundi ni kazi ya jioni moja. Kwa baba anayejifunza, ni mwisho wa juma mmoja.

Mzazi asiyejua kushika randa anaweza kwenda kwa fundi na maswali manne tu. Umeacha nafasi ya mbao kuvimba? Kuna mbao ya juu ya kuzuia droo isiiname? Kizuizi cha mwisho kiko wapi? Reli ni mbao gani? Fundi mzuri hatachukia kuulizwa. Atavuta droo mbele yako na kukuonyesha.

Kisha mvua za Desemba zikija, mtoto akiamka usiku mwili ukichemka, mama atavuta droo kwa mkono mmoja huku amembeba kwa mwingine. Itakuja. Kipimajoto kitakuwa pale, na kadi ya kliniki pale, tayari kwa safari ya zahanati. Asubuhi, mdogo wake akizunguka nyumba akitafuta cha kuchezea, dirishani hatakuta kitu.